Kufa Na Si Kufa Kwa

Mwalimu wa klabu yetu ya uandishi alitaka kila mmoja alete kumbukumbu za mtu aliyestaafu kazi, zisomwe mbele ya watoto wa Grade Ten. Wenzangu wakakimbilia ukoo. Huyu babu yake alikuwa dereva wa lori, yule nyanya yake alipikia madereva Mtito Andei. Mimi nilikaa tu. Siku ya kuwasilisha nikasimama, nikasema mstaafu ni mimi mwenyewe. Niko Form Three, nina miaka kumi na saba, na nimestaafu kazi ya kuandika vifo. Darasa likacheka mpaka madawati yakalia, mwalimu akanionyesha mlango.

Nilitoka, lakini sikuwa natania. Kwa hivyo wadogo zangu, kaeni vizuri, mzee wenu akohoe kidogo kisha aanze.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtu akifia hospitali, hospitali inaandika. Mtu akifia nyumbani, jamaa zake wanakwenda kwa naibu wa chifu, yule sote tunamwita sabchifu. Anajaza fomu: jina, umri, siku, na kilichomuua. Halafu anawapa kibali cha mazishi. Fomu inashuka hadi ofisi ya usajili, na huko ndiko cheti cha kifo kinatoka, kimepigwa chapa na mhuri, kinaogopwa kama mwalimu wa zamu.

Sabchifu wa huku kwetu, juu kidogo ya Kikima, ni mjomba wangu Kioko. Macho yake yameingia ukungu. Daktari alimwambia angoje zamu yake ya upasuaji, na zamu ilikuwa haifiki. Alikuwa akiandika jina la marehemu kwenye mstari wa umri na umri kwenye mstari wa kijiji, mpaka ofisi ya usajili ikamrudishia fomu na barua kali. Likizo iliyofuata akaniita. Alikuwa ameona mwandiko wangu kwenye daftari, akasema unafanana na wa karani wa zamani.

Sikumwambia mwandiko huo ulitoka wapi. Ulitoka kwa adhabu. Tangu darasa la nne nimeandika “Sitapiga kelele darasani” mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Kama unataka mwandiko mzuri, kuwa mtundu, na upate mwalimu anayehesabu mistari.

Malipo yalikuwa chai na mandazi mawili. Lakini utamu hasa ulikuwa heshima. Mzee wa miaka sabini anavua kofia mlangoni, ananiambia pole kwa kazi. Mimi, ambaye juzi tu nilikuwa nimefukuzwa kwaya ya kanisa kwa kuimba sauti ya mbuzi.

Wiki ya kwanza niliua mtu. Mzee Mutiso alikuja kuandikisha kifo cha kaka yake. Fomu ina mstari wa jina la aliyekufa, na chini kabisa mstari wa jina la aliyeleta habari. Nilipindua. Mjomba akatia sahihi bila kuona. Siku tatu baadaye Mzee Mutiso akarudi na kibali mkononi, akakaa kwenye benchi, akatulia kabisa. “Kijana,” akaniambia, “umenipa ruhusa ya kuzikwa Ijumaa. Sikatai. Lakini Ijumaa nakamua ng'ombe wa kanisa, ungenisogeza hata Jumatatu.” Mjomba alicheka mpaka akafuta macho yake mabovu. Tukaandika fomu nyingine, na mimi nikajifunza kwamba katika kazi hii kosa linaweza kuchekesha. Hilo lilikuwa somo baya. Ningekuwa nimelijua, ningelikataa.

Mtu wa kwanza kuniharibu, kwa hivyo, alikuwa Mzee Mutiso kwa wema wake.

Mwalimu wangu katika kazi alikuwa mjomba, na sikumsikiliza. Watu wakiulizwa kilichoua mtu wao hawajibu kama kitabu. Wanasema uzee. Wanasema Mungu alimpenda zaidi. Mama mmoja alisema mume wake “alichoka,” na alipoulizwa alichoka na nini, akasema na yeye mama. Mwingine anataka uandike malaria, na harufu ya pombe bado iko kwenye koti la marehemu alilolivaa yeye. Mjomba hakuwa anauliza kabisa “amekufa na nini.” Aliwakaribisha kwa Kikamba, akawapa maji, akauliza siku ya mwisho mgonjwa alikula nini. Alilala upande gani. Alipumua vipi. Nani alikuwa karibu naye. Alikwenda wapi kutafuta dawa, na huko akaambiwa nini. Kifo kimoja kilichukua nusu saa. Mwishoni, bila mtu kutaja ugonjwa, ugonjwa ulikuwa umekaa katikati ya chumba na kila mtu anauona.

Aliniambia, “Waulize kama mtu ambaye hajui chochote.” Mimi nilikuwa najua kila kitu. Hapo ndipo shida ilipo.

Sasa lazima niwaambie kuhusu Kiswahili changu, kwa sababu ndicho kilichoniponza. Mimi sikuzaliwa huku milimani. Nimekulia Kitui mjini, nyuma ya msikiti, na majirani zetu ni familia ambazo mababu zao walitoka pwani. Nilicheza na watoto wao, nikala futari yao ingawa nyumbani sisi ni watu wa kanisa na tambuu ya nyanya yao, ile ya kutafuna, ilinitia kizunguzungu. Nilipokuja kuishi kwa mjomba nikakuta huku Kiswahili kinatembea kwa mguu mmoja. Kitabu langu. Ng'ombe yangu. Amekufa na malaria. Nilikuwa nacheka kimoyomoyo, wakati mwingine si kimoyomoyo. Majirani zetu wa Kitui wangesema amekufa kwa malaria. Huku “na” inabeba mizigo yote, kama punda mmoja wa kijiji kizima.

Siku ambazo mjomba alikuwa nje kwa mikutano, nilikuwa nawahoji watu mwenyewe, na niliwahoji kwa Kiswahili. Hakuna aliyeniagiza. Kila mtu pale anaongea Kikamba, hata mimi. Lakini kwa Kikamba nilikuwa mtoto wa dada yake Kioko. Kwa Kiswahili nilikuwa ofisi.

Mama Mwende alikuja siku kama hiyo, asubuhi, na jirani yake mmoja. Sote tulimjua mtoto wake. Mwende alikuwa na miaka tisa, hakuwa anatembea, na maneno yake yalikuwa matatu au manne ambayo mama yake peke yake aliyaelewa. Alizaliwa kwa shida, akakosa hewa, na kliniki wakaandika kwenye kijitabu chake kwamba ana mtindio wa ubongo. Mama yake alimbeba mgongoni kwenda kila mahali, hata alipokuwa mkubwa na miguu inaning'inia karibu na magoti ya mama. Siku za soko Kikima alimketisha kwenye beseni karibu na nyanya anazouza, na Mwende alikuwa akicheka kila sarafu ilipoanguka.

Nilisema pole. Nikauliza, kwa sauti yangu ya ofisi, “Mtoto amekufa na nini?” Niliiga “na” yao, unaona, ili wanielewe. Nilikuwa hata na huruma ya kuwashushia lugha.

Alisema, “Amekufa na hali yake ileile aliyozaliwa nayo, lakini.”

Baada ya “lakini” nilinyoosha kiganja. Nikamwambia imetosha mama, nimeelewa, usijisumbue. Nilidhani ni upole. Nje kulikuwa na watu wanangoja barua za vitambulisho, na machozi yalikuwa yameshaanza kumjaa, na mimi sikutaka kuyaona yakimwagika juu ya fomu. Nikaomba kile kijitabu cha kliniki. Nikalinakili jina la hali yake kwa Kizungu, herufi kubwa za kupinda, mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho. Nilikosea herufi moja pia. Mjomba aliporudi nilimsomea, akauliza kama niliuliza vizuri, nikasema ndiyo. Akatia sahihi. Mwende akazikwa Jumamosi.

Niliendelea na kazi miezi kadhaa, kila likizo, nikiamini mimi ni hodari.

Halafu kamati ya zahanati iliita mkutano kwenye kanisa. Mimi nilikwenda kwa sababu kulikuwa na mkate na chai. Mama Mwende aliomba nafasi ya kuongea. Akasema mtoto wake alikohoa siku nne, kifua kikikoroma, na siku ya pili alimbeba hadi zahanati. Pale dirishani aliambiwa watoto wa hali hii hukohoa hivyo, apewe maji ya dawa arudi nyumbani. Hakuna aliyemwekea kifaa kifuani. Alitaka tu kujua kwa nini. Na alitaka kujua kama mtoto mwingine wa hali hiyo akija kesho atasikilizwa kifua au ataangaliwa miguu.

Yule tabibu wa zahanati aliyemjibu dirishani alikuwa ameketi mbele, anaangalia viatu vyake, nafikiri alikuwa karibu kusema kitu. Nilimwona akivuta pumzi. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa ameagiza walete stakabadhi, na Mama Mwende, kama mtu mtiifu, alikuwa ameleta cheti cha kifo. Mwenyekiti akavaa miwani akasoma kwa sauti. Akaeleza kwa Kikamba kwamba serikali imesema kilichomuua mtoto ni vile alivyozaliwa, kwa hivyo hata angepelekwa Nairobi ingekuwa hivyohivyo. Tabibu akatoa ile pumzi. Nyanya mmoja akasema kwa upole, “Mwanangu, mtoto amepumzika, hata na wewe sasa utapumzika.” Watu wakaitika, wengine kama waliotuliwa mzigo.

Cheti kilipita mikononi hadi nilipoketi. Ile herufi niliyoikosea ilikuwa palepale, imepigwa chapa. Mhuri wa serikali ulikuwa umekaa juu ya kosa langu.

Nilipaswa kusimama. Nilikuwa na mkate mdomoni, nikautafuna polepole, mpaka mkutano ukafungwa kwa maombi.

Alinipata nje, karibu na tangi la maji. Sikuwahi kujua, lakini Mama Mwende alifanya kazi miaka sita kwenye hoteli moja Mtito Andei kabla hajaolewa, akihudumia madereva wa Mombasa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Hakuongea kwa hasira, na ingekuwa rahisi kama angekasirika.

“Wewe ndiye uliniuliza,” alisema.

Nikasema ndiyo, mama.

“Nilisema na. Sikusema kwa. Hiyo hali alikuwa nayo miaka tisa na haikumuua. Kifua kilimuua kwa siku nne. Nilikuwa nakuja hapo kwa kifua, ukaniwekea mkono.”

Mimi, mtoto wa Kitui, mcheka watu. Mtu alikuja akasema “na” akimaanisha “na,” kama inavyotakiwa, nami nikaisikia kama “kwa” kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba huku hakuna anayejua tofauti. Tungeongea Kikamba pasingekuwa na fumbo. Kikamba kina neno moja la kilichokuua na jingine la ulichokuwa nacho, hata mtoto hayachanganyi.

Akaongeza, na hili alilisema kama anajisemea, “Hiyo karatasi inasema nilimzaa pamoja na kifo chake.”

Nilimwambia mjomba jioni ileile. Hakunipiga. Alitoa rejista, akakaa kwenye kiti cha ngozi, akaniambia nimsomee kila kifo nilichoandika peke yangu. Nikasoma. Kwa sauti inakuwa tofauti. Tukafika kwa Musyoki. Kama umewahi kwenda soko la Kikima ulimjua, mtu wa miaka arobaini aliyewabebea akina mama maji, alikusalimu mara mbili, ya kufika na ya kuhakikisha. Ndugu yake alipoleta habari alisema “si unamjua, yule wa akili ya mtoto,” nami nikaandika hivyohivyo kwa Kizungu kizuri kwenye mstari wa kilichomuua.

Mjomba akaniambia nirudie. Nikarudia.

“Akili ya mtoto haijawahi kuua mtoto,” alisema. “Itamuuaje mtu mzima?”

Siku iliyofuata tulikwenda kwa ndugu yake Musyoki. Mjomba akauliza kwa njia yake. Ilikuja kuonekana kwamba tumbo la Musyoki lilivimba tangu wakati wa kupanda, na kila alipolishika watu walidhani anacheza. Aliwaonyesha watu wengi sana. Hata mimi alinionyesha, sokoni, na nilimpigia ngoma kwa vidole juu ya tumbo lile akacheka. Hili sijawahi kumwambia mtu mpaka leo ninapoliandika.

Kwa hivyo wadogo zangu, mnapouliza ufundi wa kazi hii, ni huu. Mtu mwenye ulemavu akifa, ulemavu unakimbia mbele ya ugonjwa na kufika ofisini wa kwanza. Unabisha hodi, unajitambulisha, unajulikana na kila mtu. Uandike kwenye hewa ukitaka, lakini usiuandike kwenye ule mstari. Mwambie akae benchi. Halafu ungoje mwingine aliyeko nyuma yake, ambaye hana jina bado. Na mtu akisema “lakini,” kalamu chini. Nasikia sasa vifo vitaandikwa kwa simu, unachagua kutoka kwa orodha. Orodha haicheki Kiswahili cha mtu, hilo ni zuri. Lakini nayo haijui kungoja.

Sasa nimalizie, kwa sababu bado mnataka kujua kama karatasi ilibadilika.

Mjomba aliandikisha barua, tukashuka ofisi ya usajili watu watatu: yeye, mimi na Mama Mwende. Njiani mjomba aliniambia nisifungue mdomo. Mwanafunzi kujaza fomu ya serikali kungemletea matatizo, na alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu kwa haki, si kama mimi. Afisa aliyetupokea alikuwa mama mtulivu mwenye leso begani. Akafungua fomu ya Mwende, akauliza nani aliandika. Mjomba akasema, “Ni mimi.” Afisa akaangalia ile herufi yenye mkia. Akamwangalia mjomba anavyopapasa meza kutafuta kalamu. Alingoja tu, kama vile mjomba anavyongoja.

Nikasema ni mimi. Kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote nilisema kitu kwa wakati wake, na kilimletea mjomba barua ya onyo.

Afisa akamgeukia Mama Mwende, akamwomba aeleze. Akaeleza yote, kikohozi, kukoroma, dirisha la zahanati, usiku wa nne. Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo bado nalisikia hata nikiwa kwenye somo la hesabu. Alisema siku ya kwanza wangeandika vile mama anasema, kwa sababu mtu akifia nyumbani wanaamini mdomo wa aliyemwona. Lakini kubadilisha baadaye kunahitaji karatasi ya daktari. Hatukuwa na karatasi. Kitabu cha zahanati kilikuwa na jina la Mwende na dawa aliyopewa, basi, kwa sababu hakuna aliyemsikiliza kifua. Alichoweza yeye ni kufuta kile ambacho hakuna aliyekisema.

Tulirudi baada ya wiki tatu kuchukua cheti kipya. Jina la hali yake halikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na neno moja la Kizungu. Mama Mwende alinipa cheti, si mjomba, akataka nimsomee. Nilimsomea kwa Kikamba. Nikamwambia kimeandikwa kwamba kilichomuua mtoto hakijulikani.

Akauliza, hakijulikani na nani.

Nikasema na mtu yeyote, mama. Ndivyo inavyosema.

Alikichukua, akakitazama muda mrefu, ingawa hakikuwa na kitu cha kusoma zaidi.

“Mimi najua,” alisema. “Nilikuwa nimemshika.”